Kanuni ya Nne

Wino wa printa uliisha Ijumaa jioni,
kwa hiyo Mwalimu Kapaya akanipa manila mbili,
kalamu ya wino mzito, na rula iliyomeguka kwenye kumi na saba.
"Mwandiko wako unasomeka," alisema. "Andika."

Treni ya Mpanda ilikuwa inapiga honi, inaingia stesheni.
Nikaanza na kichwa, kwa herufi kubwa:
MASHINDANO YA PROGRAMU NA ULINZI WA MITANDAO, TABORA.
Herufi za mwisho zikabanana
kama viatu mlangoni mwa msikiti.

Ya kwanza: timu ni watu watatu.
Si wanne, hata kama wa nne ni pacha wa wa tatu.
(Waliwahi kutujia hao, kutoka Urambo, Kulwa na Doto;
mpaka leo hatujui aliyesajiliwa ni yupi.)

Ya pili: simu zote kwenye beseni la bluu.
Beseni lirudi jikoni kabla ya saa saba,
maana ni la wali.

Ya tatu: umeme ukikatika, saa isimame, na vidole visimame.
Asiyehifadhi kazi yake asimlilie mtu.

Kisha akanyamaza.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati,
akaitazama kalamu. Mimi hakunitazama.
"Ya nne. Usiguse mashine ambayo hukupewa,
hata ukiikuta haina kufuli."

Mwaka jana, chini ya kibodi ya mashine ya alama,
palikuwa na kikaratasi cha njano:
jina la mkewe, na mwaka wa harusi.
Nilikiona nilipoinama kuokota kalamu.

Pointi kumi na moja.
Sikuvunja kitu. Niliingia kama mwenye nyumba,
nikatoka, nikarudishia mlango.
Tukapewa kila mmoja begi jeusi, na flashi,
na Shija, waliyekuwa wakishinda wao mpaka dakika ya mwisho,
akaja kunipa mkono, mikono yote miwili.

Baba yangu hurina asali, huko Sikonge.
Mizinga yake inaning'inia porini, mbali, siku mbili kwa baiskeli,
haina mlinzi wala mlango,
ila alama iliyochongwa kwa shoka: mistari miwili na kiduara.
Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, watu wanazuiwa na nini?
"Nyuki," akasema, akacheka.
Halafu, akiwa ameshageuka: "Na alama."

Kalamu iligoma kwenye *Usi*.
Nikaikandamiza. Wino ukapenya manila,
ukaacha doa mezani, na doa lile halijatoka.

Ya tano aliitamka, akaghairi.
Ya sita ilihusu bendera, kwamba si kitambaa
bali maneno yaliyofichwa ndani ya faili,
na aliyeipata asimwonyeshe jirani.
Zilizobaki niliziandika bila kuzisikia.

Jumamosi, saa nne na robo,
msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono.
Nyamizi. Sare yake ilikuwa imepauka mabegani.
"Mwalimu, seva yenu inafunguka bila nywila.
Sijaingia. Nimeishia mlangoni."

Tuliirekebisha kwa dakika kumi na nane,
zote zikakatwa kwenye muda wa timu yake,
maana manila haikusema vinginevyo.
Wakawa wa sita.

Jioni, ukumbi ukinuka vumbi na waya za moto,
nilirudi ukutani. Chini palibaki nafasi ya mstari mmoja.
Nikaandika, bila kuagizwa na mtu:
*Anayebisha hodi arudishiwe muda wake.*

Mwalimu alikuwa jikoni, anarudisha beseni,
anaombea radhi ucheleweshaji.
Nikasubiri amalize.
Begi lilikuwa mgongoni mwangu, kama kila siku.
Nikalivua kabla sijamsalimia.